Mkono Haukwenda

Kabla ya kifo cha mama yake, Tharcisse alikuwa mtu wa kuchekesha watu. Katika ghala la vigae alimofanya kazi, pale Garland, aliweza kuiga sauti ya kila msimamizi, na Jumapili baada ya misa Warundi wenzake walimzunguka nje ya kanisa wakingoja amwige padri. Alizaliwa Burundi, akakulia kambini Kigoma kabla ya kuhamia ughaibuni, na Kiswahili chake cha huko kilimtosha kumtania Mkenya, Mkongomani na Mtanzania bila kumuudhi yeyote.

Mama yake alifariki kwao Burundi mwanzoni mwa 2018. Kaka yake alimpigia simu akiwa chumba cha mapumziko, anakula. Tharcisse alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," akafunika chakula chake, akarudi kwenye vigae. Nyumbani hakumwambia mtu. Mkewe, Sabine, alipata habari kesho yake kutoka kwa binamu, akalia mpaka majirani wakaja. Tharcisse aliwafungulia mlango, akawapa viti, akaenda jikoni kupasha maharage.

"Analia ndani kwa ndani," watu walisema.

Hakuwa analia, ndani wala nje. Alijikagua kama mtu anavyopapasa mifuko kutafuta funguo, na hakukuta kitu.

Mwaka ukapita hivyo. Kazini alifika kwa wakati. Chakula alikula, na Sabine akisahau chumvi yeye hakujua. Siku moja binti yao Aurore alianguka na baiskeli mbele ya nyumba, akapasuka kidevu. Tharcisse alikuwa amesimama hapo hapo. Aliitazama damu ikichirizika kwenye fulana ya mtoto mpaka Sabine alipotoka mbio. Aurore alimtupia baba yake maneno mawili matatu ya Kiingereza, kisha akauficha uso tumboni kwa mama.

Sabine alifanya usafi katika hospitali moja, na huko alifahamiana na Kigen, Mkenya, nesi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Alimsimamisha kwenye korido.

"Kaka Kigen, mume wangu yumo nyumbani, lakini hayupo."

Kigen alikuja Jumapili, akanywa chai, akasifia chapati. Kisha akamgeukia Tharcisse.

"Tuko na kikundi ya wanaume, kila Jumamosi. Hatukai kwa ofisi, na hakuna mtu atakuuliza maswali kama polisi. Tunatembea, tunapika, tunapiga makasia. Ukitaka kuongea, ongea. Hutaki, beba kuni."

Tharcisse alikubali. Kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Wakawa wanaenda kwenye vichaka vya mierezi na kingo za maziwa, wanaume wa Afrika Mashariki na Kongo, wa rika lake au waliomzidi kidogo. Wakishatembea waliwasha moto, na mbele ya moto mambo yalitoka: ndoa iliyovunjika, mtoto aliye jela, kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi isiyoisha. Mwanamume mmoja mkubwa, mwenye mvi, alilia hadi kofia ikamdondoka, na wenzake wakamshika mabega. Tharcisse alikuwepo. Aliiokota kofia, akaikung'uta vumbi, akaenda kuongeza kuni. Alisifika kwa kuni.

Majira ya kuchipua ya 2019 kikundi kilikwenda ziwa Ray Hubbard na mitumbwi ya kukodi. Kigen aliwapanga wawili wawili, wavuke ghuba ndogo bila kusema neno, kila mmoja asikilize kasia la mwenzake. Tharcisse alipangwa na Kalisti, Mtanzania wa Moshi aliyeishi Euless, mji usio mbali, na kupakia mizigo ya ndege. Kalisti alikuwa na maneno mengi na hakujua kuogelea. Jaketi la kuokolea alilivaa kama koti, mikanda inaning'inia.

Walipofika katikati, boti ya mtu ilipita kwa kasi, mawimbi yakawakuta ubavuni, mtumbwi ukapinduka.

Tharcisse aliibuka, akaushika mtumbwi. Kalisti alikuwa karibu, mtu angenyoosha mkono tu. Jaketi lilikuwa limempanda hadi masikioni, mdomo unaingia maji.

"Tharcisse! Nishike!"

Tharcisse alimwona vizuri. Aliwaza kwamba ile mikanda ilipaswa kufungwa. Akawaza kwamba maji ni ya baridi. Kalisti alizama, akaibuka, akazama tena, macho yake yakimtafuta mwenzake, na mwenzake akayaangalia macho hayo, mkono uko pale pale kwenye mtumbwi. Kigen ndiye aliyefika akipiga kasia kama mwendawazimu, akamvuta Kalisti kwa ukosi wa jaketi.

Ufukweni Kalisti alitapika maji. Alipopata pumzi akasimama akitetemeka.

"Ulikuwa unanitazama! Bwana, nakuita kwa jina lako, wewe unanitazama tu!"

"Nilikuona," alisema Tharcisse.

"Sasa?"

"Nilijua unazama. Mkono haukwenda."

Kigen alichuchumaa mbele yake.

"Hiyo kitu ilianza lini?"

Tharcisse akasimulia habari ya simu, ya neno "sawa", ya chakula alichokifunika. Aliisimulia kwa sauti ile ile ambayo mtu angeelekeza njia ya kwenda dukani.

"Mamako kafa, ukasema sawa?" Kalisti aliuliza, polepole sasa. Halafu akachukua viatu vyake. "Mimi na huyu, mtumbwi mmoja, basi tena." Akaondoka na maji yakimdondoka.

Jumatatu Kigen mwenyewe alimpeleka Tharcisse kwa daktari, akakaa naye hadi jina lilipoitwa. Daktari akampa dawa, akamwandikia awe anarudi kuzungumza kila wiki. Akarudi. Miezi ya kwanza kilichobadilika ni usingizi tu.

Sabine, upande wake, hakuliacha jambo la ziwani. Alimvalisha mumewe shati safi, akafunga mchele na sukari, wakaenda Euless kuomba radhi. Mke wa Kalisti, Elirehema, aliwakaribisha. Sabine alisema yote yanayostahili kusemwa. Kalisti alimsikiliza, kisha akamuuliza mgeni wake wa kiume:

"Umekuja kwa sababu unasikitika, au kwa sababu mkeo kakuleta?"

Sabine akainamisha kichwa.

"Mke wangu kanileta," alisema Tharcisse. "Kusikitika bado. Nasubiri."

Kalisti alimkodolea macho, kisha akacheka kicheko kikavu. "Angalau huongopi." Akamwambia Elirehema alete chakula.

Jumamosi iliyofuata Kalisti alirudi kwenye kikundi. Hakukaa karibu na Tharcisse, ila alipokea kuni kutoka mikononi mwake. Mambo yakaendelea hivyo hadi mwaka ukaisha, bila kukumbatiana, bila hotuba.

Machi 2020 ugonjwa ukafunga kila kitu, na matembezi ya pamoja yakasimama. Kigen aliagiza kila mmoja atembee mtaani kwake, simu sikioni, na mwenzake mmoja. Jumamosi asubuhi simu ya Tharcisse ililia. Alikuwa Kalisti.

"Mimi nishatoka. Wewe je?"

"Navaa viatu."

Wakatembea, mmoja Euless, mwingine Garland. Kalisti alilalamikia bei ya mayai na ndege zilizolala chini. Baada ya muda hata yeye akaishiwa maneno, zikabaki pumzi na hatua. Karibu na bustani Tharcisse akasimama.

"Vipi?" Kalisti aliuliza.

"Viatu vinanibana."

"Vipya?"

Tharcisse alivitazama. "Hapana. Nimevivaa mwaka wa pili huu, sikuwahi kusikia." Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akafungua kamba, akavua soksi. Vidole vya pembeni vilikuwa na sugu nene, na chini ya sugu palikuwa panauma. Alibonyeza, pakauma. Akabonyeza tena.

"Panauma," alisema.

"Basi usitembee navyo, kaka. Rudi nyumbani."

Alirudi peku, juu ya nyasi za watu, Kalisti bado yuko kwenye simu.