Nilivyomwonyesha Mkuu wa Shule Seli za Misuli

Ndugu zangu, mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Kongwa, na leo naungama. Juzi mkuu wetu wa shule alikuja darasani kuamua kama hadubini yetu kuukuu ibaki au ihamishiwe shule nyingine. Nilitaka ibaki, kwa hiyo nikakimbilia jikoni, nikadokoa kijinyama cha mbuzi kwenye bakuli, nikakiweka chini ya lenzi.

"Pembeni mwa kila uzi wa msuli zimelala seli ndogo," nilieleza taratibu. "Ukibeba mzigo mzito, uzi ukachanika kidogo, zinaamka, zinaongezeka, kisha zinauziba na kuunenepesha. Sogea, mkuu, uzione. Ni vile vidoa vyeusi."

Mkuu akainama. "Naviona kweli!"

Nikavimba kichwa. Wanafunzi wote wakapanga foleni, wakavichora kwenye madaftari.

Ndipo Mama Chiku, mpishi wetu, akachungulia mlangoni.

"Samahani, mkuu. Mwalimu, kama ni njaa si useme! Ile nyama uliyodokoa bado mbichi, nimeipaka pilipili manga tu."

Mkuu akarudi kwenye lenzi, akatazama tena, akanyanyuka polepole.

"Hadubini ni nzima kabisa," akasema. "Labda tumhamishe mwalimu."