Kabla ya Kuitwa Wazimu

Kwa miaka sita Phanice alichoma dhahabu jikoni mwake, huko Masara. Wachimbaji walimletea vidonge vya dhahabu iliyoshikana na zebaki, naye akaviweka kwenye kijiko juu ya makaa mpaka zebaki ikapaa yote na dhahabu ikabaki. Dirisha alilifunga, upepo usije ukapeperusha mali ya watu. Mwaminifu kupita kiasi, na uaminifu huo ndio uliomponza.

Mikono ilianza kutetemeka. Kisha mama huyu wa vicheko akawa anajificha wageni wakibisha hodi, analia bila sababu, anafoka chai ikimwagika. Majirani hawakungoja daktari. Pale kila mtu ni bingwa wa kutambua wazimu wa mwenzake. "Ni neko hiyo," walisema, yaani kichaa. Mumewe, Mosoti, akatamka wazi: hospitali ikithibitisha kuwa ni wazimu, watoto watahamia kwa nyanya yao Kisii. Phanice hakulala vizuri tena.

Kliniki, Phanice na mumewe walimkuta Wangwe, daktari wa magonjwa ya akili, na fomu yake mezani.

"Andika tu wazimu, daktari, tumalize," Phanice akasema.

Wangwe aliweka kalamu chini. "Mama, wazimu si jina la ugonjwa. Magonjwa ya akili ni mengi, na kila mmoja una dalili zake. Na kabla sijaandika lolote, lazima nijue kama ni mwili unaoisumbua akili. Unafanya kazi gani?"

Akamweleza. Wangwe akaagiza apimwe mkojo, na asiguse tena kazi ile.

Majibu yalipotoka, Wangwe aliwasomea wote wawili: sumu ya zebaki. Ndiyo iliyoleta mtetemo, woga na hasira. Mosoti akainamisha kichwa. "Watoto watabaki na mama yao," alisema kwa sauti ndogo.

Phanice alipaswa kufurahi. Badala yake moyo ulimuuma, kwa maana alimkumbuka Nyasuguta, dada ya Mosoti, aliyemfundisha kazi hiyo. Nyasuguta naye alitetemeka, akajificha, akafoka. Familia ilimfunga kamba chumbani, na Phanice mwenyewe ndiye aliyemshika miguu. Alifia humo ndani, na mazishini hakuna aliyetaja ugonjwa wake.

"Daktari," Phanice akauliza huku machozi yakimtoka, "mtu aliyekwisha kuzikwa, anaweza kuandikiwa ugonjwa wake upya?"