Nusu ya Kola

"Weye uende vita? Njaa itakuua risasi haijafika!"

Baba mkubwa alisema hivyo asubuhi ile tulipokuwa tukimenya mihogo uani kwetu Kasongo, na wote wakacheka. Jua lilikuwa halijapanda, nami nilikwisha kula mara mbili. Zamani hizo nilikuwa tishio kwa sufuria tu.

Juma lile Wabelgiji wakaniandikisha jeshini, twende kupigana na Waitaliano kule Abisinia.

Safarini nilitembea na mwenzangu Musafiri, Mubangubangu kwa kabila, wa Kabambare. Chakula kilipopungua nikaanza kutetemeka. Akapasua kola, ile kokwa chungu ya kutafuna, kwa meno, akanipa nusu.

"Kwetu mutu hakuli kola yeye peke yake. Tafuna polepole, ndugu. Usimeze mbio."

"Iko chungu sana!"

"Basi, hata njaa itaikimbia."

Ajabu! Taya liliposhika kazi, tumbo likanyamaza, na mikono ikatulia. Tangu hapo, majeruhi wakiitiwa wabebaji wa machela, nilitangulia mimi. Mizinga inanguruma, nami natafuna! Katika kikosi chetu hakuna aliyenipita, nasema wazi.

Kisha tukapanda mlima.

Risasi ilimvunja Musafiri taya.

Maji yalikuwa yamekwisha. Biskuti za jeshi zilikuwa ngumu kama mawe. Hakuweza kutafuna.

Wenzetu wakanikopesha biskuti zao. Nikazitafuna kama mama anavyomtafunia mtoto, nikamwekea kinywani kidogo kidogo. Mimi, mlafi wa Kasongo, tumbo tupu, chakula kimenijaa mdomoni, na sikumeza hata chembe!

Alifariki kwenye machela, kabla hatujafika hospitalini.

Vita vilipokwisha nikasomea uuguzi, nikarudi nyumbani na diploma. Baba mkubwa akaniita "Bwana Muganga" mbele ya watu! Nilifurahi mno, sikatai. Kisha nikawatafuta walionikopesha biskuti, mmoja mmoja, hadi Nyangwe, kila mmoja nikamlipa kwa kola nzuri.

Mdai wangu wa mwisho alikuwa marehemu Musafiri mwenyewe. Nikaenda Kabambare kwa mama yake.

"Mama, nimerudisha ile nusu ya Musafiri."

Akaigeuzageuza kiganjani. Akacheka kidogo, akanionyesha ufizi usio na jino.

"Nitafune na nini, mwanangu?" Akanirudishia. "Unitafunie weye."

Nikatafuna polepole, machozi yakinitiririka.

Sikumeza.