Karata za Jumamosi kwa Neema

Mwaka 2023, mwishoni mwa kiangazi, nikiwa na miaka hamsini na miwili, mjane, niliona kasoro moja tu kwa Bwana Yohana, mpangaji wangu hapa Nzuguni: kila Jumamosi alasiri alikwenda kwa Neema, mwalimu kijana, jirani yetu. Nilijiambia kwamba hayanihusu. Hata hivyo, tarehe 14 Oktoba nilimpelekea Neema bakuli la mlenda ambao hakuniomba.

Kupitia dirishani niliona karata za picha mezani: kiunzi cha mifupa juu ya farasi, mwanamume na mwanamke walio uchi. Neema alifunua moja, akasema, "Umenaswa, kaka! Sasa wewe ni mume wa malkia." Bwana Yohana akacheka kicheko ambacho kwangu hakuwahi kukicheka.

Nikaamini kwamba anapigiwa ramli na kurogwa. Nilirudi na mlenda wangu, nikamwandikia mwenyekiti wa mtaa barua kwa Kiswahili nilichokisomea ukubwani, isiyo na kosa hata la nukta.

Tarehe 18 Oktoba mwenyekiti alituita sote watatu ofisini kwake.

"Shikamoo, mama," Neema alisema. "Hizi ni karata za taroti. Wengine huzipigia ramli, lakini sisi tunacheza hadithi ya kubuni ya falme na majoka, na karata ndizo huamua yatakayompata mhusika wa kila mchezaji. Karibu nawe ucheze."

Mwenyekiti alilifuta shauri, kisha akaitazama tena barua yangu.

"Umeandika, 'anamroga mume wangu.' Katika daftari letu la wakazi, Bwana Yohana ameandikishwa kuwa mpangaji wako. Ndoa ilifungwa lini, mama?"

Bwana Yohana naye alinigeuzia kiti, asikie jibu.