Wakunga Watano, Jina Moja

Bi Kanuni, mwandaaji wa katalogi ya maktaba yetu, alikuwa na imani mbili: Mungu, na muundo wa zamani wa kuandika taarifa za vitabu. Mkutubi mkuu aliposema muundo huo umepitwa na wakati, ubadilishwe, nilidhani tutamwita daktari.

"Muundo huu umetukosea nini?" Bi Kanuni aliuliza mkutanoni. "Waandishi wakizidi watatu, anatajwa wa kwanza, waliobaki ni 'na wenzake'. Tukianza kumwandika kila mtu, katalogi itakuwa soko."

Mimi nakaa meza ya kuazimisha, na mambo ya watu siyafukui, ila hili lilijulikana na jengo zima. Tuna kitabu cha ukunga kilichoandikwa na wakunga watano, na wa nne ni mama mzazi wa Bi Kanuni. Bi Kanuni alikiingiza mwenyewe kwenye katalogi. Sheria ni msumeno, alisema, akaandika jina la kwanza "na wenzake". Mama alipokuja kujitafuta kwenye kompyuta, hakujiona. Tangu siku hiyo anajiita Bi Wenzake, na akipiga simu maktaba anajitambulisha hivyo hivyo, bila kucheka. Lilimuuma, na binti yake alijua.

Basi mkutubi mkuu akaagiza kila mmoja wetu aujaribu muundo mpya, ule unaompa kila mwandishi nafasi yake, kwa kitabu kimoja tu. Bi Kanuni, kati ya vitabu vyote vya maktaba, akachagua kile cha ukunga.

"Natafuta kasoro zake," aliniambia, nami sikuwa nimemuuliza kitu.

Siku ya pili alimleta mama yake. Bibi akavaa miwani, akasogea, akaligusa jina lake kwenye kioo cha kompyuta. Alitabasamu kama msichana, na mimi, mtu mkavu kama nilivyo, machozi yalinilenga. Kisha akasoma tena.

"Wa kwanza yupo, mimi nipo. Wale watatu je?"

"Hili ni jaribio tu, mama. Nimeongeza jina moja."

"La mama yako."

"Mama, kanuni..."

"Mmoja wao ndiye aliyenizalisha siku uliyozaliwa. Ulitanguliza miguu, mwanangu. Angefuata kanuni, nisingekuwa nazungumza na wewe hapa."

Bi Kanuni alinitazama, nikajifanya napanga vitabu. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono kwenye kibodi.

"Nitajie majina yao," akasema. "Polepole."