Glavu Zilizonuka Maua

Kwa miaka kumi na minane Kalolaine alitundika mbao za MDF, zile za nyuzi za miti zilizoshindiliwa, kwenye kulabu za mnyororo unaozipeleka kwenye rangi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuona alama ya kidole chake. Mbao hizo zina kiu. Ukizigusa kwa mkono wenye mafuta zinayanywa kimya kimya, nawe huoni kitu. Ni mpaka zinyunyiziwe rangi ya unga na kuiva tanurini ndipo pale ulipogusa panapotokeza vishimo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Ndiyo maana sote tulivaa glavu nyeupe za pamba, na ndiyo maana kila Ijumaa Kalolaine alizibeba akazifue kwake. Dobi wa kiwanda, alisema, anafua kama anayemkomoa mtu.

Mwezi ule tulikuwa na milango ya makabati ya wodi ya watoto. Jumatatu ya kwanza ilitoka na vishimo. Jumatatu ya pili, vilevile. Neville, msimamizi wetu, alipima unyevu wa mbao, akabadilisha chujio la hewa, akasafisha bunduki za rangi. Mwishowe akaona chupa ya losheni kwenye mkoba wa Vika, mtoto wa kaka yake Kalolaine.

"Vikitokea tena, Vika, kazi huna."

"Shangazi, sijapaka! Naapa kwa kaburi la bibi."

"Muache mama yangu apumzike," Kalolaine alimjibu. "Mikono inanuka duka zima la vipodozi, halafu unaapa."

Jumatatu ya tatu Vika alikuja amenawa mpaka viwiko vimekuwa vyekundu.

"Bosi, njoo unuse! Leo mimi daktari wa upasuaji."

"Nitanusa milango ikitoka tanurini," Neville alisema bila kucheka, akaenda ofisini.

Mnyororo ukaanza kwenda. Kalolaine alikuwa ametundika mlango wa kumi na moja pua ilipomwasha. Akainua mkono, akajikuna kwa mgongo wa glavu.

Maua. Heilala, yale maua mekundu ya kwao, na nazi.

Alibaki ameshika pua. Jumamosi tatu mfululizo mjukuu wake alikuwa akijifunza ngoma ya sherehe ya kanisa, na Kalolaine mwenyewe ndiye aliyempaka mafuta mabega na mikono, mpaka ang'ae, mpaka noti watakazomtuza zimgande mwilini. Nguo za mtoto zilirudi zimelowa mafuta. Alizitia kwenye mashine ya kufulia. Pamoja na glavu.

Mlango wa kwanza ulikuwa umebakiza hatua kama kumi kufika chumba cha kunyunyizia. Akatazama kitufe chekundu ukutani, cha kusimamisha mnyororo. Hakuna aliyekigusa ila Neville. Aliyekibonyeza mwaka juzi alipewa ufagio, na hakumaliza mwezi. Angeweza kunyamaza. Nani angenusa glavu? Milango ingetoka na vishimo, na Vika angekwenda nyumbani na viwiko vyake vyekundu.

Hatua tano. Hatua mbili.

Akabonyeza.

Kiwanda kikanyamaza ghafla, na Neville akatoka mbio.

"Nani?"

Kalolaine alivua glavu, akamnyooshea.

"Nusa, Bosi."

Neville akanusa. "Maua?"

"Mafuta ya nazi. Nilizifua na nguo za mjukuu. Ni mimi. Mara zote."

Neville alimtazama, kisha akamtazama Vika. "Vueni glavu zote," akasema. "Teremsheni mbao. Zote zipigwe msasa upya."

"Shangazi," Vika alinong'ona wakiteremsha, "na ulivyonisema!"

"Nyamaza, mtoto. Bado naogopa."

Alasiri tulisimama mbele ya tanuri. Neville alivuta mlango wa kwanza uliopoa, akaupitishia kiganja juu hadi chini, akaugeuza kwenye mwanga. Laini kama yai. Akamwita Vika atundike mwingine.

Kalolaine, Neville hakumwita. Alimwendea alipokuwa amesimama, mikono ameificha kwapani, akampa pakiti ya glavu mpya.

"Hizi zisitoke humu kiwandani."

"Ndiyo, Bosi."

Alizipokea, na kabla ya kuvaa, akazinusa moja moja.