Mzee wa kanisa alitukataza bukta, tukaingia uwanjani na sketi za kwaya

Wakuu, habari za jioni. Huwa nasoma tu humu bila kuchangia, maana naogopa watu na naandika kwa kidole kimoja. Mnivumilie. Haya ni ya kweli, mwenye shaka aje Nakwa aulize.

Mimi ni binti, naimba kwaya kanisani kwetu. Pia ni kipa.

Shida ilianzia hapo.

Kanisani kwetu mwanamke havai suruali, bukta ndiyo usiseme. Mwenzetu mmoja alionekana na bukta mazoezini, akasimamishwa kwaya. Mama yake akahamia benchi la nyuma kwa aibu.

Wavulana wa kwaya hiyohiyo wanacheza mapaja nje, na wanaombewa kabla ya mechi. Sisemi kitu.

Mwaka jana yakatangazwa mashindano ya wasichana, zawadi mbuzi. Nahodha wetu Neema akanivuta hadi kwa Baba Eliya, mzee wa kanisa. Nilijificha mgongoni kwa Neema.

"Shikamoo, Baba Eliya."

"Marahaba. Bukta hapana."

Hata hatujaomba!

"Na sketi je?" Neema akauliza.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Chezeni na sketi za kwaya basi. Tuone mtafika wapi."

Neema akashukuru haraka, tukaondoka kabla hajamaliza kucheka.

Wakuu, sketi zetu za kwaya ni za bluu, zina marinda, zinafika kwenye vifundo vya miguu. Siku ya fainali wapinzani wetu, wasichana wa Mutuka, walipotuona walishika mbavu. "Jamani, mapazia yamekuja!"

Baba Eliya naye alikuja na mwavuli wake, kutuona tukianguka.

Tulianguka kweli. Lakini Neema alianguka pamoja na mpira, wote wawili wakaingia golini. Moja bila.

Mwishoni mshambuliaji wao akabaki na mimi tu. Akapiga chini, katikati ya miguu yangu. Nikafumba macho, nikachuchumaa.

Refa akatazama golini, akatazama nje.

"Mpira uko wapi?"

Ulikuwa ndani ya marinda. Nimeukalia kama kuku anayeatamia.

Kocha wao akaja mbio: "Refa, hiyo sketi aivue!"

Hapo mwavuli ukaingia uwanjani.

"Avue nini? Mbele za watu? Binti wa kanisa? Thubutu!" Baba Eliya akaunyanyua juu. Refa akautazama mwavuli, akapuliza filimbi ya mwisho.

Jumapili mbuzi wetu alitangazwa kanisani. Sikusimamishwa kwaya, na mama yangu alikaa benchi la mbele kabisa.

Sasa waandaaji wamesema mwaka huu bila bukta hakuna kucheza. Juzi tulirudi kwa Baba Eliya, nikijua yameisha.

Mzee akauliza:

"Mutuka watakuwepo?"

"Watakuwepo, Baba."

"Basi vaeni bukta." Akaninyooshea kidole. "Ila kipa abaki na sketi."

Nilichojifunza: wengi wanaotuzuia hawajawahi kutuona tukicheza. Mwalike aje, hata kama anakuja kucheka.

Yule mwenzetu bado hajarudishwa kwaya. Neema anasema hilo tutamwambia mzee tukiwa tumeshika kamba ya mbuzi wa pili.

Wadada, kwenu mlipitaje? Na wanaojua sheria za mpira, kipa anaruhusiwa sketi? Nijibuni mapema, mechi iko karibu na marinda nimeshayapiga pasi.